Mwalimu Mtoro, Mtu wa Bagamoyo Aliyefundisha Berlin

Natumaini mmekwisha kukaa, taa imewashwa, na mwenye redio ameiweka mahali ambapo hata mama aliye karibu na mlango, mwenye mtoto mgongoni, anasikia vizuri. Na ninyi mtakaosoma maneno haya katika karatasi, someni polepole. Hapana haraka. Mwalimu wa darasa, ukiona neno linawashinda watu, liandike ubaoni kwa herufi kubwa.

Leo sitasema habari za mbolea wala za kuchemsha maji. Nitawasimulia habari za mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha lugha yake mwenyewe kwa wageni, na kuandika desturi za watu wake. Kabla sijaanza, nawaulizeni swali moja. Kitabu kikiandikwa juu ya desturi za kwenu, jina la nani litachapwa juu ya jalada? Jalada ni ile karatasi ngumu ya nje ya kitabu. Msijibu sasa. Likumbukeni swali hili, tutalirudia.

Ninyi wa Biharamulo mnalijua boma la Wajerumani, lile jengo la kuta nene. Wazee waliwasimulia jinsi maafisa wa Kijerumani walivyokaa humo, wakaita machifu, wakahukumu kesi na kutoza kodi. Lakini Mjerumani huyo alisemaje na watu? Kijerumani hapakuwa na aliyekijua hapa. Kisubi yeye hakukijua. Alisema Kiswahili. Barua za serikali nyingi ziliandikwa kwa Kiswahili, na makarani walikuwa watu waliojua Kiswahili. Je, Kiswahili hicho alikipata wapi?

Wengine walikiokota hapa hapa nchini, kwa kusema na askari na wapishi. Lakini baadhi yao walikisoma darasani kabla ya kupanda meli. Mwaka wa 1887 Wajerumani walifungua chuo katika mji wa Berlin, chuo cha kufundisha lugha za Mashariki: Kiarabu, Kichina, Kituruki na nyinginezo. Kiswahili kilikuwamo. Na katika chuo hicho, tangu mwaka wa 1900, alifundisha mtu aliyetoka kwetu. Jina lake Mtoro bin Mwinyi Bakari.

Mtoro alizaliwa yapata mwaka wa 1869, karibu na Bagamoyo. Bagamoyo ya siku zile mnaijua kwa masimulizi. Ndiko misafara ya wapagazi kutoka bara ilikoishia, na pembe za ndovu zilikopakiwa majahazini. Alisoma chuoni, yaani kwa mwalimu wa Kurani, akajua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu.

Hapa nataka msimame kidogo. Watu wengi hudhani kwamba kabla ya Wazungu kuja hapakuwa na mtu aliyeandika Kiswahili. Si kweli. Watu wa pwani waliandika barua, mashairi na hesabu za biashara kwa Kiswahili, ila herufi zao zilikuwa za Kiarabu, zinazokwenda kutoka kulia hadi kushoto. Kwa hiyo Mtoro hakwenda Ulaya kujifunza kusoma. Alikwenda akiwa msomi tayari.

Sasa mfikirini katika darasa lake. Wanafunzi wake walikuwa watu wazima, kama ninyi. Wengine walikuwa maafisa na watumishi wa serikali wanaongoja kutumwa Afrika Mashariki. Kila mgeni anayejifunza Kiswahili hukwama mahali pamoja: mtu mzuri, kiti kizuri, nyumba nzuri, maji mazuri. Kwa nini neno moja libadilike namna hiyo? Mtu aliyezaliwa katika lugha haulizi, anasema tu. Lakini mwalimu lazima aeleze, arudie, arekebishe ulimi wa mwanafunzi anayesema vibaya, na asimcheke. Mwalimu wenu wa darasa anajua taabu hiyo.

Cheo chake kwa Kijerumani kiliitwa Lektor, maana yake mwalimu wa kusoma na kusema na wanafunzi. Juu yake alikuwako Mjerumani, Carl Velten, ambaye zamani alikuwa mkalimani wa serikali huku Afrika Mashariki. Velten alieleza sarufi, yaani kanuni za lugha. Mtoro alileta lugha yenyewe. Na tazameni hali yake ilivyokuwa ngumu: ndani ya darasa yeye ni mwalimu, na yule Mjerumani kijana ni mwanafunzi. Wakitoka nje, mwalimu ni mtu wa koloni, na mwanafunzi ni mtawala wa kesho. Kesho kutwa kijana yule atapanda meli, atafika katika boma, naye atawaamuru watu kwa maneno aliyofundishwa na Mtoro.

(Hapa mwalimu wa darasa anaweza kuwauliza wanafunzi: Mtoro alifanya kazi gani? Alifundisha nani?)

Kufundisha hakukuwa kazi yake yote. Velten alikuwa akikusanya habari zilizoandikwa na Waswahili wenyewe. Mwaka wa 1901 kikatoka kitabu cha safari za Waswahili. Ndani yake Mtoro aliandika safari yake ya Udoe na Uzigua. Mwingine, Selim bin Abakari, aliandika safari yake ya Urusi na Siberia, nchi ya theluji. Naam, mtu wa Afrika Mashariki aliyekwenda Siberia na kuisimulia kwa Kiswahili, zaidi ya miaka mia moja iliyopita!

Kisha mwaka wa 1903 kikatoka kitabu kikubwa zaidi, Desturi za Wasuaheli. Kitabu hiki kinaanza mahali maisha yanapoanza, yaani kuzaliwa kwa mtoto. Kinaeleza jinsi mtoto anavyolelewa na kupewa jina, anavyotiwa jandoni, anavyopelekwa chuoni kusoma. Kinaeleza posa na arusi, ngoma, pepo na waganga, magonjwa, kilimo, safari za biashara, madeni, kesi, na mwisho kifo na matanga. Habari za utumwa zimo pia, wala hazikufichwa. Mambo mengi katika hayo yalikwisha kupotea. Mtu wa Bagamoyo wa leo akitaka kujua babu wa babu yake aliposaje mke, ataipata habari humo.

Na sehemu kubwa ya kitabu hicho ilitoka kwa Mtoro. Lakini juu ya jalada lilichapwa jina la C. Velten, aliyekusanya na kukitoa. Jina la Mtoro lilikuwa ndani.

Mtanisamehe, mimi sitaki kumhukumu Velten upesi. Bila yeye kitabu kisingalichapwa, maana Mtoro hakuwa na mashine wala fedha. Na kazi ya kuhariri ni kazi kweli. Mimi mwenyewe huihariri karatasi hii mara tatu kabla haijafika mikononi mwenu. Lakini kukusanya ni jambo moja, na kujua ni jambo jingine. Mwenye kikapu si yeye aliyelima.

Wala sitawaambia kwamba Mtoro hakuwa na kasoro. Yeye alikuwa mtu wa mji wa pwani, na watu wa pwani wa siku zile waliwaita watu wa bara washenzi. Sisi wa migombani, huku mtoni Ruvubu na mtoni Kagera, tungaliingia katika neno hilo hilo. Ukisoma maandiko ya pwani ya wakati ule utalikuta neno hilo, nawe litakuuma. Hili ndilo jambo ninalotaka mlifikiri: kila mtu anapoandika, anaandika akiwa amesimama mahali fulani. Mjerumani aliwatazama watu wa Bagamoyo kutoka mahali pake. Mtu wa Bagamoyo aliwatazama watu wa bara kutoka mahali pake. Na mtu wa bara, je, ameandika nini?

Nirudi kwa Mtoro. Mwaka wa 1904 alimwoa mwanamke Mjerumani, Bertha Hilske, huko huko Berlin. Ilikuwa ndoa halali. Mwaka uliofuata, 1905, ule ule mwaka vita vya Maji Maji vilipoanza, mume na mke walipanda meli kuja Afrika Mashariki. Mtoro alikuwa akirudi kwao. Bahari ile ile, pwani ile ile aliyozaliwa. Lakini serikali ya kikoloni haikukubali Mwafrika aingie nchini na mke Mzungu. Waliona kwamba watu wakimwona mwanamke wa Kijerumani katika nyumba ya Mswahili, heshima ya watawala itashuka. Basi ikawalazimu wote wawili kurudi Ujerumani.

Hebu fikirini jambo hilo. Mtu aliyewaandikia Wajerumani jinsi Waswahili wanavyooa, yeye mwenyewe alikatazwa kuja kuishi kwao na mke aliyemwoa. Wanafunzi wake waliruhusiwa kuingia nchini kwake kwa sababu walijua lugha yake kidogo. Yeye, mwenye lugha, alizuiwa mlangoni.

Hakuacha kufundisha. Tangu mwaka wa 1909 mpaka 1913 alifundisha Kiswahili katika mji wa Hamburg, katika chuo cha mambo ya makoloni, pamoja na Carl Meinhof, mtaalamu mkubwa wa lugha za Kibantu. Baada ya hapo alijipatia riziki kwa kuwahutubia Wajerumani habari za nchi aliyotoka. Vita Kuu ikaja, Wajerumani wakaipoteza nchi hii, na Kiswahili kikakosa soko katika Ujerumani. Mtoro alifariki Berlin mwaka wa 1927.

(Pumzikeni. Mwenye kukohoa akohoe, mwenye mtoto analia amtulize. Kisha tuendelee.)

Sasa nitawapeleka mbali zaidi, ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika nchi inayoitwa leo Meksiko. Huko, katika rasi ya Yucatán, wanakaa watu wanaoitwa Wamaya. Walikuwa na maandishi yao wenyewe tangu zamani sana, si herufi kama hizi zetu bali alama zilizochorwa. Karatasi yao ilitengenezwa kwa magome ya mti wa jamii ya mkuyu, kama wazee wetu walivyotengeneza nguo ya magome. Kisha wakaja Wahispania, wakaiteka nchi. Tarehe 12 Julai 1562, katika mji wa Maní, padre mmoja Mhispania, Diego de Landa, aliamuru vitabu vya Wamaya vichomwe moto, maana aliviona kuwa ni vya shetani. Vitabu vya namna hiyo vilivyosalia duniani leo ni vinne tu.

Lakini sikilizeni ajabu. Landa yule yule, yapata mwaka wa 1566, aliandika kitabu juu ya desturi za Wamaya: miungu yao, kalenda yao, ndoa zao, chakula chao, hata baadhi ya alama zao za kuandikia. Aliyajuaje? Aliwauliza Wamaya wenyewe. Mmojawapo wa waliomsaidia alikuwa Gaspar Antonio Chi, mtoto wa ukoo wa watawala, aliyezaliwa yapata mwaka wa 1531. Mapadre walimfundisha Kihispania na Kilatini. Akawa mkalimani wa serikali, akawa mwalimu wa shule. Mnamwona? Ni kama Mtoro, miaka zaidi ya mia tatu kabla ya Mtoro. Amesimama kati ya lugha mbili, na pande zote mbili zinamhitaji, na kitabu kina jina la mtu mwingine.

Zile alama chache alizoziandika Landa zilikaa kimya karibu miaka mia nne. Mwaka wa 1952 mtaalamu mmoja wa Urusi, Yuri Knorozov, alizitumia kama ufunguo, na tangu hapo maandishi ya kale ya Wamaya yalianza kusomeka tena.

Na Wamaya hawakukaa wakilia juu ya majivu. Katika vijiji vyao waandishi walijifunza herufi za Wahispania, herufi hizi hizi a, be, che mlizo nazo ninyi, wakaandika lugha yao wenyewe kwa herufi hizo. Waliandika wosia, mipaka ya mashamba, dawa, na habari za kale. Vitabu vya vijiji vyao huitwa vitabu vya Chilam Balam, na kila kimoja huitwa kwa jina la kijiji kilikotunzwa: Chumayel, Tizimín, Maní. Kitabu kikichakaa, mwandishi mwingine alikinakili. Kunakili ni kuandika upya neno kwa neno. Leo katika vyuo vikuu vya Marekani na kwingineko wako walimu ambao mchana hufundisha Kihispania, na kwa utafiti wao husoma maandiko hayo ya Kimaya ya wakati wa ukoloni. Wanaihitaji lugha ya mtawala na lugha ya mtawaliwa pia, maana barua za wakati ule zilivuka huku na huku. Ni kazi ya maisha yote. Na yote inawezekana kwa sababu mkulima au karani mmoja wa kijiji, zamani, alichovya kalamu katika wino.

Basi turudi nyumbani. Ninyi wa Ngara mnajua kwamba Bugufi zamani ilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza ikaunganishwa na Tanganyika. Ndiyo maana Kihangaza na Kirundi ni ndugu wa karibu. Habari za kwenu ziliandikwa na nani? Mwaka wa 1947 jarida la Tanganyika Notes and Records lilichapa makala juu ya umiliki wa ardhi katika Bugufi tangu 1925 mpaka 1944. Waandishi ni R. de Z. Hall na Hans Cory, watumishi wa serikali ya Kiingereza. Ni kazi ya maana. Anayetaka kujua shamba lilivyogawiwa wakati wa babu yake ataisoma. Lakini wazee wa Bugufi waliojua mambo hayo, majina yao hayapo juu ya makala.

Hali imeanza kubadilika. Mwaka wa 2006 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika Mradi wa Lugha za Tanzania, kilitoa msamiati wa Kihangaza pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Msamiati ni orodha ya maneno na maana zake. Aliyeutunga ni Casmir Rubagumya, mwalimu wa chuo kikuu aliyeandika sana juu ya lugha za kufundishia shuleni. Mwaka wa 1990 alihariri kitabu kizima juu ya jambo hilo. Sasa neno la Kihangaza lina mahali pake katika maktaba. Kumbukeni lakini, msamiati hukupa jina la kitu, haukusimulii mambo yake. Neno la pombe ya ndizi utaliona. Nani hupewa kikombe cha kwanza, na kwa nini mkwe hanywi mbele ya mkwewe, hayo yamo vichwani mwa wazee waliokaa nanyi hapo kwenye benchi.

Nikasema tutalirudia lile swali la jalada. Mwaka wa 1981, miaka 78 baada ya kutoka kwa kitabu cha kwanza, Desturi za Wasuaheli ilitoka tena, safari hii kwa Kiingereza, katika Marekani. Aliyeitafsiri ni J. W. T. Allen, Mwingereza aliyekaa Tanganyika miaka mingi na kutafuta miswada ya Kiswahili. Mswada ni maandiko ya mkono kabla hayajachapwa. Allen mwenyewe alifariki mwaka wa 1979, hakukiona kitabu kikitoka. Lakini alifanya jambo moja la haki. Katika jina la kitabu, nje, palichapwa kwamba hizi ni desturi za Waswahili za Mtoro bin Mwinyi Bakari na Waswahili wengine.

Sasa kazi ya juma hili. Mtoro alianza na kuzaliwa kwa mtoto, nasi tuanze hapo. Kila mmoja atafute mzee, bibi au babu, amwulize: kwenu mtoto hupewa jina lini, na nani, na kwa sababu gani? Sikiliza mpaka amalize. Usimkatize kwa kuona kwamba unajua. Kisha andika sentensi tano. Aliye Mhangaza aandike kwanza kwa Kihangaza, Mshubi kwa Kishubi, Msubi kwa Kisubi, Mzinza kwa Kizinza, halafu kila mmoja aandike tena kwa Kiswahili. Neno likikosa Kiswahili chake, liacheni kama lilivyo, mlieleze kwa maneno mengine. Msiogope herufi kukaa vibaya.

Chini ya sentensi zako andika jina la mzee aliyekusimulia, kijiji chake na tarehe. Chini yake andika jina lako. Mwalimu wa darasa atazikusanya karatasi Jumatano, na karatasi isiyo na majina mawili atairudisha kwa mwenyewe.

Kwaherini.